Kuhuisha Usharika Dhaifu kwa Mkono wa Jirani

Usharika hudhoofika kwa muda mrefu, na aghalabu walio ndani yake ndio wa mwisho kuutambua udhaifu huo. Kwani kila Jumapili kengele hulia, iwe ya shaba iliyoachwa na wamisionari au rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni, na watu wale wale huketi mahali pale pale, mpaka siku moja mzee wa kanisa hugeuka akatazama nyuma yake, akaona mabenchi ya nyuma hayana mtu, na kwaya iliyokuwa ikiimba kwa sauti nne imebaki na mbili, na mtoto wa mwisho kuletwa abatizwe aliletwa kabla ya masika ya mwaka juzi. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wazee wa sharika mbili: ule uliofikwa na hali hiyo, na ule wa jirani yake wenye nguvu, ambao umezipata habari na ungependa kuauni, lakini haujui uanzie wapi. Nimeyatazama zaidi makanisa ya Kilutheri ya Tanga na Usambara. Hata hivyo Mwanglikana wa Muheza, au Mmoravian wa Rungwe, akibadili majina ya vyeo tu, ataona kuwa mambo ni yale yale.

Sababu za kudhoofika hazifanani, na asiyezipambanua atajichosha bure. Twaa mfano wa sharika zilizozaliwa kando ya kambi za mkonge. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na katika miaka iliyofuata mashamba ya Tanga, Muheza na Korogwe yakavuta manamba kutoka kila pembe ya nchi na hata ng'ambo ya mipaka, na miongoni mwao walikuwamo Wakristo waliokuja na imani yao, wakajijengea mahali pa kusali. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 za singa; kisha bei ikaanguka kwa sababu ya nyuzi za viwandani, mashamba yakafungwa moja baada ya jingine, kambi zikahamwa, na kanisa likabaki limesimama kando ya pori pamoja na wajane ambao hawakuwa na kwao pa kurudi. Usharika wa namna hiyo hauna kasoro ya imani; watu wake wameondoka. Mwingine una watu tele, ila wazee wake hawasemezani tangu sehemu ya kiwanja cha kanisa iuzwe. Na wa tatu mchungaji wake alihamishwa, akabaki mwinjilisti asiyepata posho yake miezi minane, akawa analima zaidi ya anavyofundisha, wala hakuna awezaye kumlaumu kwa insafu.

Basi anza na rejesta. Kila usharika una daftari kubwa la ubatizo, lenye safu ya jina la mbatizwa, ya wazazi, ya wasimamizi, ya tarehe na ya aliyebatiza. Litoe kabatini, lipanguse vumbi, uketi nalo mezani pamoja na wazee wawili na mama mmoja wa makamo ambaye anajua nani amezaliwa na nani na nani ameolewa wapi. Mama huyo usimwache, maana mara nyingi anayajua mambo ambayo hayamo daftarini. Someni majina ya miaka ishirini iliyopita, moja baada ya jingine bila haraka, na kila jina liulizwe swali moja tu: yuko wapi? Waliofariki waandikwe peke yao, na waliohama peke yao pamoja na mahali walikohamia, na waliojiunga na makanisa mengine peke yao bila neno la lawama. Litabaki kundi la nne, la wale ambao wapo, wanakaa nyumba ya tatu kutoka kanisani au ya kumi, na hawaji. Karatasi ya kundi hili ndiyo itakayoongoza kazi yote inayofuata, na nimeona kwamba wazee wanapoiandika hunyamaza kwa muda, kwa sababu ni mara ya kwanza kuyaona majina hayo yakiwa pamoja.

Baada ya rejesta ya ubatizo fungueni kitabu cha sadaka cha miaka mitano, mtazame ni mwezi gani mapato yalianza kupungua, kisha mwulizane ni jambo gani lililotukia mwezi huo. Jibu hupatikana upesi kuliko inavyodhaniwa.

Sasa suala la nani amwite nani. Rai yangu ni kwamba shauri hili lisianzie kamwe mezani pa usharika wenye nguvu. Baraza la wazee la usharika dhaifu ndilo likae, likubali kwa kauli yake lenyewe kwamba linahitaji msaada, na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Kisha mchungaji amwandikie mkuu wa jimbo, na mkuu wa jimbo ndiye azungumze na mchungaji wa usharika wa pili. Njia hii ni ndefu, na mtu mwenye ari ataona kuwa inachelewesha. Lakini fikiri jinsi itakavyosemwa mitaani pale wageni watakapoonekana wakiingia nyumba za watu bila idhini, na jinsi mchungaji atakavyojisikia akisikia habari za wageni hao sokoni. Tuhuma ya kunyang'anyana waumini ikishaingia, hata wema wa dhahiri hutafsiriwa vibaya, na kuiondoa ni kazi ya miaka.

Katika kuchagua jirani, msitafute aliye tajiri kuliko wote. Tafuteni aliye karibu, ambaye watu wake wanaweza kuja asubuhi kwa basi dogo na kurudi jioni kwa nauli wanayoimudu, kwa kuwa kazi hii haiendi kwa ziara moja kubwa ya mwaka bali kwa safari nyingi ndogo ndogo. Nasema hivi pasipo kuupunguzia hadhi ushirika wa mbali. Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul Area ya Marekani zina ushirika uitwao Bega kwa Bega, ulioanza mwaka 1987, ambao kwao sharika za pande mbili zimefungamanishwa katika sala, katika kutembeleana na katika kuwasomesha vijana, na fadhila zake ni bayana kwa kila aliyeona. Lakini mgeni wa kutoka Minnesota hawezi kuja Alhamisi jioni kumjulia hali mama aliyefiwa Jumatano. Jirani anaweza, na kwa usharika uliozimia, Alhamisi jioni ndiyo yenye maana.

Ujumbe wa kwanza uwe wa watu sita au saba, wala usizidi hapo. Wawemo mzee mmoja mwenye staha, kina mama wawili kutoka kikundi cha wanawake, mtunza hazina, mwalimu wa Shule ya Jumapili, na kijana mmoja au wawili. Jambo la kuepuka ni lile lililo jepesi kuliko yote, nalo ni kukodi basi, kulijaza kwaya iliyovaa sare, kuja na vipaza sauti na vyungu vya pilau, kuimba kutwa nzima na kuondoka magharibi. Siku kama hiyo hufurahisha, sikatai. Ila wenyeji huamkia Jumatatu wakiwa wamethibitishiwa kwamba wao ni wanyonge na wenzao ni mabingwa, na Jumapili inayofuata kanisa huonekana tupu zaidi ya lilivyokuwa.

Wajumbe walale katika nyumba za washarika. Wale kile kilichopikwa, kiwe ugali na kisamvu, au mhogo na chai ya rangi, na wasije na chakula chao wenyewe kwa kisingizio cha kuwapunguzia wenyeji gharama, maana mwenyeji aliyenyimwa nafasi ya kukirimu amenyimwa heshima yake mbele ya majirani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nami ningependa agizo hilo lifuatwe kwa maana yake ya wazi kabisa, mjumbe abaki mpaka siku ya tatu na aende shambani na mwenyeji wake, kwani mengi ambayo hayasemwi mbele ya baraza la wazee husemwa kati ya mistari miwili ya mahindi.

Kisha waanze kuzizungukia nyumba za wale wa kundi la nne, wawili wawili, mgeni na mwenyeji. Namna ya kuingia ina adabu yake. Mpige hodi, mngoje, mkae mlipoonyeshwa, na mgeni amwachie mwenyeji mwenzake aanze mazungumzo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni viti. Huyu mwenzako simjui, ni mgeni wa wapi?"

"Ni wa usharika wa jirani, bibi, amekuja kutusalimu. Tumesema hatupiti hapa bila kukuona."

Ulizeni miguu inaumaje, mvua zimekuwaje, wajukuu wanasoma wapi. Msimwulize mbona haji kanisani. Atalisema mwenyewe, ikiwa si siku ile basi safari ya pili. Na atakapolisema, yumkini litakuwa jambo dogo machoni penu: kwamba mumewe alipofariki hakuna mzee wa kanisa aliyekanyaga kwake hata siku ya arobaini, au kwamba jina lake lilisomwa mbele ya watu katika orodha ya wenye deni la ahadi, mwaka ambao mahindi yake yaliliwa na nguruwe mwitu. Msijibu kwa kuwatetea wazee. Msiandike mbele yake. Ombeni pamoja naye kwa maneno machache, mwage, na jioni mambo hayo yafikishwe barazani kwa wanaohusika, ili mzee yule aliyekosa kuja aende yeye mwenyewe, kwa miguu yake, hata kama miaka minne imepita. Nasisitiza kwamba aende yeye. Mgeni hawezi kuomba radhi kwa niaba ya mwenyeji, na safari ya mzee mmoja kwenda kuomba radhi katika nyumba moja hurudisha watu kanisani kuliko mikutano ya injili ya juma zima.

Ugomvi wa wazee wenyewe unahitaji uangalifu wa namna nyingine. Makanisa ya nchi zetu yana hazina kubwa ya maarifa katika jambo hili, tangu ule Uamsho ambao chimbuko lake hutajwa kuwa ni mkutano wa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church katika kilima cha Namirembe mwaka 1929, na ambao ulishika moto Gahini, Rwanda, alikofanya kazi Blasio Kigozi mpaka karibu na kufariki kwake mwaka 1936, ukaenea Uganda, Kenya, Burundi na Tanganyika kwa vikundi vidogo vya watu waliosafiri kutoka kanisa hadi kanisa. Wengi wa watu hao hawakuwa na cheo chochote kanisani. Waliingia katika usharika wa wengine na jambo la kwanza walilolifanya ni kuungama mbele ya wenyeji taksiri zao wenyewe, na hapo wenyeji wakapata ujasiri wa kuzisema zao. Huo ndio utaratibu ninaoupendekeza: wajumbe wa usharika wenye nguvu wazungumze kwanza, na wazungumze juu ya ugomvi uliowahi kuwapata kwao na jinsi ulivyokwisha, kabla ya kuuliza habari za ugomvi wa pale. Lakini historia hiyo hiyo ina onyo lake. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika Chuo cha Bishop Tucker kule Mukono kwa ajili ya mzozo uliotokana na Uamsho, kwa sababu ari ya kuungama ilikwisha kugeuka, machoni pa wengine, kuwa ari ya kuwahukumu wasioungama. Mtu asishurutishwe kusema dhambi zake hadharani, wala asitajiwe na mwingine.

Kama ugomvi ni wa mali, mathalan kiwanja au fedha za harusi ya kanisa zilizopotea, maneno ya upatanisho peke yake hayatoshi. Ziletwe hati, visomwe vitabu vya hesabu mbele ya pande mbili, na mtunza hazina mgeni, ambaye hana ndugu wala deni pale, asaidie kuvikagua. Kinachodaiwa kilipwe, japo kwa awamu ndogo ndogo. Hapo tena ndipo Meza ya Bwana iandaliwe na pande zote zikaribie pamoja.

Juu ya ibada yenyewe sitasema mengi, maana liturgia ni ile ile na mchungaji anaijua. Wanakwaya wageni wasiketi peke yao. Wachanganyike na wenyeji, wa sauti ya tatu kwa wa sauti ya tatu, na wafundishane nyimbo za pande zote mbili siku ya Jumamosi, ili Jumapili isikike kwaya moja.

Lakini mnada nautolea maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo madhara hufanyika bila mtu kukusudia. Baada ya ibada watu hutoka wakasimama uwanjani, na sadaka za vitu zikaletwa mbele: mkungu wa ndizi, mayai sita ndani ya kibakuli, jogoo aliyefungwa miguu kwa ukambaa, kifurushi cha maharage, miwa mitatu. Mzee mwenye sauti hunadi, bei huanza chini na kupanda kidogo kidogo, watu wakitaniana na kuchokozana, na mara nyingi anayeshinda humkabidhi yule jogoo mjane fulani au mwinjilisti, au humrudisha anadiwe tena. Ni sehemu ya ibada ambayo maskini hushiriki kwa usawa na mwenye nacho, kwani aliyeleta mayai sita huyaona yakigombewa, na mwenye shilingi elfu mbili huweza kushinda. Sasa fikiri mgeni mwenye mshahara amesimama pale, na kwa moyo mweupe kabisa anayataja mayai yale kwa elfu thelathini. Watu hupiga makofi. Mwenye elfu mbili hurudisha mkono mfukoni, na hautoki tena siku hiyo. Na mnada ukiendelea hivyo kwa miezi michache, wenyeji huanza kuamini kuwa sadaka ni shughuli ya wageni, vitu vinavyoletwa hupungua, na usharika uliokuwa na mapato madogo yake wenyewe hubaki na mapato makubwa yasiyo yake. Kwa hiyo wajumbe wapatane kabla ya kuondoka kwao: wasiwe wa kwanza kutaja bei, wasipite bei ya sokoni, wanunue kitu kimoja au viwili karibu na mwisho, na yote waliyokusudia kutoa zaidi ya hapo wayatie katika bahasha wakati wa sadaka ya ibada, bila kutangazwa.

Nalo hili latufikisha kwenye fedha, ambazo nimezichelewesha kwa makusudi. Mwaka wa kwanza usharika wenye nguvu usijenge kitu chochote, isipokuwa kama paa linavuja kiasi cha kuzuia ibada. Hata hapo, wenyeji watangulie: mawe, mchanga, maji na nguvu za mikono viwe vyao, fundi awe wa kijiji chao, na jirani aongeze mabati na misumari pale kuta zitakapokwisha kusimama. Jengo lililoezekwa na watu wa nje hungojewa likarabatiwe na watu wa nje.

Posho ya mwinjilisti ni mas'ala magumu zaidi. Huwezi kumwambia mtu aliyekaa miezi minane bila malipo kwamba asubiri washarika waamke kwanza. Naye akilipwa moja kwa moja na jirani, atakuwa mtumishi wa jirani, na wazee wake hawatamwagiza tena kitu. Ningeshauri hivi: malimbikizo yafutwe mara moja kwa mchango wa pande mbili, halafu mwaka wa kwanza jirani achangie theluthi mbili za posho, mwaka wa pili theluthi moja, na wa tatu asichangie chochote, na katika miaka hiyo yote fedha zipitie hazina ya usharika wa mwinjilisti mwenyewe, alipwe na mtunza hazina wake mwenyewe, na atie saini katika kitabu cha kwao. Zitumwe kwa akaunti ya benki yenye saini mbili, au kwa namba ya malipo ya simu iliyoandikishwa kwa jina la usharika, na abadan zisitumwe kwa simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu kiasi gani. Uaminifu wake ndio unaolindwa kwa utaratibu huo. Mtume Paulo alipokusanya changizo la makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, anaeleza katika waraka wa pili kwa Wakorintho, mlango wa 8, kwamba Tito alifuatana na ndugu wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asipatikane mtu wa kuwalaumu juu ya ukarimu ule waliokuwa wakiusimamia. Ikiwa mtume alitaka mashahidi, seuze mtunza hazina wa kwetu.

Yote hayo yaandikwe katika hati ya mapatano, ya ukurasa mmoja au miwili, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mzee, isomwe mbele ya sharika zote mbili na kutiwa saini na wenyeviti, wachungaji na mkuu wa jimbo. Itaje muda, ambao kwa maoni yangu usipungue miaka mitatu wala usizidi mitano. Itaje nani hukutana na nani kila miezi mitatu, na mkutano upokezanwe, mara huku mara kule. Itaje kiasi cha fedha na namna ya kupungua kwake. Na itaje waziwazi kwamba mamlaka ya baraza la wazee wa usharika dhaifu hayaondoki. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya kwanza, kufikia mwaka 1920, sharika walizoziacha zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika, na Walutheri wa Sinodi ya Augustana ya Marekani waliokuja kusaidia Kilimanjaro katika miaka iliyofuata walikuta kanisa lililokuwa likiendeshwa tayari na watu wake. Mambo yakajirudia Wajerumani walipowekwa kizuizini vita vya pili vilipoanza. Wageni wale wachache wasingaliweza kuushika mzigo ule lau wenyeji wasingalikuwa wameushika kwanza. Na kanisa lililoungana mwaka 1963, kutoka makanisa saba, kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lilijengwa juu ya mabega ya watu kama wale.

Tena hati itaje usharika dhaifu utatoa nini, na itaje tangu mwaka wa kwanza. Wengi husoma habari za Antiokia katika Matendo ya Mitume, mlango wa 11, wakaishia katikati. Yerusalemu ilimtuma Barnaba akautazame usharika ule mchanga; naye alipoona kazi ni kubwa hakurudi Yerusalemu kuomba watu wengine, alikwenda Tarso kumtafuta Sauli, wakafundisha pale mwaka mzima. Lakini mlango hauishii hapo. Njaa ilipotabiriwa, wale wale wa Antiokia waliochanga, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi, na Barnaba na Sauli ndio waliobeba. Usharika wa kambi ya mkonge, wenye wajane na kiwanja kikubwa kilichomea nyasi, unaweza kuwapa vijana wa mjini mahali pa kambi yao ya likizo. Kina mama wake wanaweza kwenda kuvuna katika shamba la jirani. Wazee wake waliozoea kuzika wenzao waweza kufundisha namna ya kukaa na wafiwa, elimu ambayo sharika kubwa za mjini zinaipoteza upesi. Jirani naye apokee kwa shukrani ya kweli, mbele ya watu wake wote, Jumapili, kwa kutaja kilichotolewa na nani.

Kuhusu watoto, ombi langu ni moja: jirani aazime mwalimu mmoja wa kipaimara kwa mwaka mmoja, aje kila Jumamosi afundishe sambamba na kijana wa pale pale, na mwaka wa pili kijana yule afundishe peke yake.

Mwaka wa mwisho wa mapatano, mtazame tena karatasi ile ya kundi la nne na kitabu cha sadaka. Kama posho ya mwinjilisti inalipwa bila mkono wa nje, na nusu ya majina yale yamerudi, au watoto wanabatizwa, mapatano yafungwe kwa ibada, na ujirani uendelee bila hati. Msiongeze muda kwa sababu ya mapenzi tu. Wenyeji wataanza kungojea tena.

Na yawezekana, baada ya juhudi zote, kwamba mahali pale hapana tena watu wa kuufanya usharika. Shamba limefungwa, barabara imehamia upande wa pili wa kilima, waliobaki ni wazee wanne. Hilo si aibu kwao wala kwa jirani, na lisifichwe kwa ibada za kulazimisha. Baraza la wazee, kwa idhini ya mkuu wa jimbo, liombe usharika ufanywe mtaa wa ule wa jirani, mwinjilisti awe akija mara mbili kwa mwezi kuwasalisha wale wanne majumbani mwao, makaburi yapigiwe hati na mipaka yake ili yasije yakalimwa, na vyombo vya Meza ya Bwana viandikwe kimoja kimoja kabla ya kuhamishwa. Rejesta za ubatizo, ndoa na maziko zipelekwe katika ofisi ya jimbo mkononi mwa mtu, wala zisitumwe kwa basi. Zinakiliwe, na nakala ibaki kwa mchungaji wa usharika wa jirani. Watoto wa manamba walitawanyika mbali, na kila mwaka huja mmoja wao, kutoka Songea au Kigoma, kuomba cheti cha ubatizo cha mama yake.